Shajara ya mradi, Malindi: seli T za damu mbele ya bakteria wa ngozi na utumbo

Wiki ya 1. Swali

Swali tumeliandika ubaoni kabla ya kununua hata pipeti. Mtu mzima mwenye afya ana seli T za kumbukumbu zinazozunguka katika damu. Je, seli hizo zinawatambua bakteria wanaoishi kwenye ngozi yake na utumboni mwake, au zinashtuka tu kwa sababu kuna fujo ndani ya tyubu?

Kutambua na kushtuka ni mambo mawili, na kazi yote iko katika kuyatenganisha. Seli T hutambua kwa kipokezi chake, pale kipande cha protini ya bakteria kinapoonyeshwa juu ya molekuli ya HLA (kishikio kilicho juu ya seli) na seli nyingine, aghalabu seli ya dendritiki, ambayo kazi yake ni kumega na kuonyesha. Kushtuka hakuhitaji kipokezi. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ikiguswa na ukuta wa bakteria humwaga saitokini, yaani protini ambazo seli huitana nazo, na seli T iliyo jirani huamka nayo, kama mtaa mzima unavyoamka mmoja akipiga ukelele wa mwizi. Kwenye mashine inayosoma seli moja moja kwa rangi, aliyemwona mwizi na aliyesikia kelele hutoka na rangi ileile.

Tunachokijua vizuri zaidi kimetoka kwa panya. Mwaka 2009 watafiti Ivanov na Littman walionyesha kwamba bakteria mmoja mwenye umbo la uzi, anayejibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, anatosha kuzalisha humo seli T za aina ya Th17, zinazotoa saitokini ya IL-17. Kundi la mtafiti Honda likaonyesha mwaka 2011 kuwa bakteria wa jamii ya Clostridia huongeza seli T tulizi kwenye utumbo mpana, na mwaka 2013 wakachuja aina 17 kutoka kinyesi cha binadamu zenye uwezo huo zikipewa panya. Upande wa ngozi, kundi la Belkaid kule Marekani lilipaka Staphylococcus epidermidis juu ya ngozi ya panya, bila jeraha wala uvimbe, na mwaka 2015 wakaripoti seli T za CD8 (moja ya makundi mawili makuu ya seli T; jingine ni CD4) zinazotoa IL-17A zikihamia kwenye tabaka la juu la ngozi. Mwaka 2018 wakaongeza kwamba seli hizo husaidia jeraha kufunga.

Lakini panya si mtu. Sehemu kubwa ya jibu lile la ngozi hupitia molekuli iitwayo H2-M3, inayoonyesha vipande vifupi vya protini vyenye alama ya fomili mwanzoni. Binadamu hana H2-M3. Kwa hiyo hatuchukui jibu la panya tukalivika kanzu ya Malindi. Tunaanza na damu.

Wiki ya 2. Fomu ya ridhaa

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, ndivyo vya kwanza. Bila hivyo hakuna sindano. Kilichokula muda ni lugha ya fomu.

Rasimu ya kwanza iliziita seli T "askari wa mwili". Neno hilo linaeleweka haraka, lakini linapotosha. Mtu akishasikia askari, bakteria wa ngozini mwake wanageuka adui, na swali linalofuata ni dawa gani ya kuwaua. Sehemu muhimu ya kazi ya seli T hapa ni kunyamaza. Zipo seli T tulizi, zinazoongozwa na jeni FOXP3, ambazo kazi yake ni kuzuia wenzake wasishambulie. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025, waliyopewa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi, ilihusu utulivu huo. Rasimu ya pili inasema "mabawabu wanaojifunza nani mwenyeji na nani mgeni". Hiyo haihitaji maelezo kwa mtu wa pwani.

Swali linalorudi kila kikao ni hili: "Mwanangu, damu hii mwaipeleka wapi?" Jibu liko sasa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Mililita 40, sawa na vijiko vya chai 8. Seli zinatengwa hapa Malindi, zinagandishwa, zinasomwa Kilifi, haziuzwi, na mwenye damu anaweza kujitoa wakati wowote, sampuli zake zikaharibiwa.

Wasioingia kwenye zoezi hili: aliyemeza antibiotiki ndani ya miezi 3, mwenye ugonjwa wa ngozi unaoonekana, mjamzito, na mwenye malaria au minyoo kwa sasa. Minyoo na malaria havikuwekwa kwa urasimu. Vyote viwili hubadilisha uwiano wa seli T tulizi, na tukiviacha tutasoma safura tukidhani tunasoma bakteria.

Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea, hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, hivyo akitoka chanya tunapaka slaidi na kuisoma kwa hadubini kabla ya kumwondoa. Kwa minyoo tunatumia njia ya Kato-Katz: kinyesi miligramu 41.7 kwa kibao chenye tundu, mayai yaliyohesabiwa yanazidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Mtego wake ni mayai ya safura. Glaserini iliyo kwenye karatasi ya kufunikia huyafanya yawe wazi kama kioo na yasionekane tena. Slaidi isomwe ndani ya nusu saa, hasa kwa joto la hapa. Ukiiacha ukaenda kunywa chai, utaandika "hakuna safura" kwa mtu aliyejaa safura.

Mwezi wa Ramadhani hatutoi damu. Watu hawapendi kutolewa damu wakiwa na saumu, na saa za kula na kulala zinageuka, jambo ambalo peke yake linaweza kuvuruga ulinganisho.

Wiki ya 3. Ngozi

Sehemu tatu: kunjo la kiwiko kwa ndani, nyuma ya sikio, na katikati ya mgongo wa juu. Kunjo ni lenye unyevu, nyuma ya sikio na mgongo ni penye mafuta, na bakteria wanaotawala hutofautiana. Penye mafuta hutawala Cutibacterium na kuvu wa Malassezia. Penye unyevu hutawala Staphylococcus na Corynebacterium.

Kijiti ni chenye ncha ya nailoni, si pamba, maana pamba inaweza kuwa na asidi za mafuta zinazozuia baadhi ya bakteria. Kinalowekwa kwenye maji ya chumvi ya 0.9% yenye Tween 20 (sabuni laini) ya 0.1%, kisha kinasuguliwa sekunde 30 juu ya eneo la sentimita 2 kwa 2, huku kikizungushwa. Kijiti kikavu huchukua karibu hakuna kitu. Kila siku ya kazi kijiti kimoja hupungwa hewani tu, bila kugusa mtu, na kupimwa kama vingine. Hicho ndicho kitakachosema kama bakteria tunaowaona ni wa ngozi au ni wa chumba.

Maagizo ya kawaida husema mtu asitumie sabuni wala losheni kwa saa 24. Kwa Malindi orodha hiyo haitoshi. Tumeongeza mafuta ya nazi, liwa, singo, hina mbichi, na kuogelea baharini. Maji ya bahari huosha bakteria wa ngozi na kuacha wa kwake. Mafuta ya nazi yana mambo mawili: yanazuia Tween isilowanishe ngozi sawasawa, na asidi ya lauriki iliyomo, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yenyewe, si kitu kisichofanya kazi mbele ya vijidudu. Hatuwaambii watu waache kujipaka maishani. Siku moja tu, na siku hiyo tunairekodi.

Kijiti kimoja kwa ajili ya DNA, kimoja kwa ajili ya kuotesha. Wa kuoteshwa hupandwa siku hiyohiyo kwenye agari ya mannitoli yenye chumvi 7.5%. Staphylococcus aureus hugeuza agari kuwa njano kwa sababu huchachusha mannitoli, na epidermidis kwa kawaida huiacha nyekundu. Kwa kawaida, si siku zote, hivyo kila koloni nyekundu hupitia kipimo cha katalesi kwa tone la hidrojeni peroksidi, ambacho lazima kitoe povu, kisha koagulesi ya tyubu, yaani kuona kama plazma ya sungura inaganda, ikisomwa baada ya saa 4 na tena saa 24. Kosa linalorudiwa maabara nyingi ni kuchukua koloni kutoka agari ya damu kwa kipimo cha katalesi. Chembe nyekundu zina katalesi yake, na povu utakaloliona ni la damu.

Wiki ya 4. Kuwaua bila kuwapoteza

Seli T hazihitaji bakteria hai. Bakteria hai kwenye tyubu watakula chakula cha seli na kuziua kabla ya asubuhi. Tunawatumia waliouawa kwa joto.

Koloni moja ya S. epidermidis huingia kwenye mililita 10 za mchuzi wa soya wa tripsini, nyuzi 37, usiku mzima ikitikiswa. Asubuhi tunazungusha g 3,000 (mara 3,000 ya nguvu ya uvutano) kwa dakika 10, tunamwaga maji ya juu, tunaosha mara tatu kwa PBS, maji ya chumvi yasiyobadilika uchachu. Kuosha huku si kwa urembo: maji ya juu ndiyo yenye sumu na vimeng'enya bakteria walivyovitoa, na bakteria akiwa ni aureus aliyejipenyeza, ndiyo yenye sumu zinazofunga kipokezi cha seli T kwa nguvu bila kujali kinatambua nini, zikaamsha sehemu kubwa ya seli T kwa mpigo.

Kisha ukungu, yaani bakteria walioelea kwenye PBS, hurekebishwa hadi OD (kipimo cha jinsi unavyozuia mwanga) ya 1.0 kwenye mawimbi ya nanomita 600. OD peke yake si idadi. Tunapunguza mara kumi kumi hadi 10⁻⁶, tunapanda mikrolita 100, tunahesabu sahani zenye koloni 30 hadi 300 tu. Sahani ya 10⁻⁶ ikitoa koloni 84, hesabu ni 84 × 10 × 1,000,000, yaani milioni 840 kwa mililita.

Hesabu mbili za mwanzo hazikukubaliana kabisa, na sababu ni tabia ya epidermidis mwenyewe. Aina nyingi hutengeneza utando na kushikana vidonge. Kidonge cha bakteria hamsini huota koloni moja, na mashine ya OD nayo hukisoma vibaya. Tiba ni kupitisha ukungu kwenye sindano ya geji 25 mara kumi, taratibu, kisha kutazama tone kwa hadubini. Vikionekana vishada kama vya zabibu zaidi ya seli nne nne, rudia.

Kuua: nyuzi 65 kwa saa 1 kwenye bafu la maji, tyubu ikizama mpaka juu ya usawa wa ukungu. Tyubu iliyochungulia nusu nje ya maji hubaki na bakteria hai kwenye kifuniko. Baadaye mikrolita 100 hupandwa na kuangaliwa kwa saa 48. Sahani lazima iwe tupu. Ikitoka koloni hata moja, kundi zima linatupwa.

Kwa utumbo tumechagua Escherichia coli na Enterococcus faecalis, wote wanaoota penye hewa. Faecalibacterium prausnitzii, ambaye ni wa maana zaidi kisayansi, hufa akikaa na oksijeni dakika chache, na hapa hatuna chumba kisicho na hewa. Tumeona ni heri wawili tunaowaweza kuliko mmoja wa kubahatisha.

Wiki ya 5 na 6. Damu katika joto la Malindi

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu kuliko ulivyopangiwa.

Damu hutolewa kwenye tyubu za heparini ya sodiamu, mililita 10 kila moja, nne kwa mtu. EDTA inazuia kuganda kwa kuteka kalisi, na seli T zinahitaji kalisi hiyohiyo kuitikia. Ukilazimika kuitumia, osha mara moja zaidi. Kila tyubu hugeuzwa juu chini mara nane, polepole. Ikitikiswa, chembe nyekundu hupasuka.

Kutoka mahali pa kutolea mpaka maabara, damu isiwekwe kwenye barafu. Damu iliyopoa hubadilisha uzito wa chembe za granulosaiti, nazo huja kuelea pamoja na seli tunazozitaka. Lakini gari lililoegeshwa juani mchana wa kaskazi nalo huipika. Suluhisho ni la kawaida kabisa. Pakiti za jeli zilizokaa kwenye friji, si kwenye friza, zimezungushiwa leso kuukuu mikunjo miwili, chini ya sanduku. Tyubu zimesimama juu, na kipimajoto cha kuhifadhi kiwango cha chini na cha juu kiko kati yake. Kipimo kikae kati ya 18 na 25. Leso ikiwa mkunjo mmoja, tyubu zilizogusa pakiti hushuka chini ya 15.

Kutenganisha: mililita 15 za damu huchanganywa na 15 za PBS, zinatandazwa juu ya mililita 15 za Ficoll, kimiminiko kizito chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, tyubu ikiwa imelazwa pembe ya nyuzi 45 na pipeti ikigusa ukuta. Mstari kati ya tabaka mbili uonekane mkali kama uliochorwa kwa rula. Ukiona mawingu mekundu yanazama, umekwishaharibu. Kisha g 400, dakika 30, breki imezimwa.

Kuhusu g: mashine nyingi huandika mizunguko kwa dakika, na mizunguko si g. Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, g 400 ni kama mizunguko 1,500. Ukiinakili 1,500 kwenye mashine yenye rota ya sentimita 10, unapata g 250 tu, na utashangaa kwa nini chembe nyekundu hazikushuka.

Ikienda vizuri, tyubu inakuwa na tabaka nne. Juu ni plazma ya rangi ya majani makavu. Chini kabisa ni wekundu mzito. Kati ya plazma na Ficoll iliyo wazi pana utando mweupe, mwembamba, wenye kingo za kuyeyuka, kama tui lililojitenga juu ya maji, chungu kikiachwa kipoe. Humo ndimo seli T zilimo, pamoja na seli nyeupe nyingine: B, NK na monosaiti. Pipeti huzungushwa kando ya utando, si chini yake. Anayetaka kuchota "yote" huchota Ficoll, na Ficoll ikibaki seli hazishuki vizuri kwenye mzunguko unaofuata.

Wiki ya 5 utando ulikuwa hafifu, na mavuno kama nusu ya yaliyotarajiwa. Breki ilikuwa imezimwa, g ilikuwa sawa. Tatizo ni joto. Ficoll imepimwa kwa nyuzi 20, na chupa yetu ilikaa juu ya meza kwenye chumba cha nyuzi 31, na sentrifuji isiyo na upoozaji ikaongeza nyingine kwa kujizungusha. Joto likipanda, chembe nyekundu hushikana kwa kasi na vishada vikubwa, navyo hushuka vikiwa vimezibeba seli T ndani. Tangu wiki ya 6 kiyoyozi huwashwa saa moja kabla, Ficoll na PBS huwekwa humohumo, rota huzungushwa tupu kidogo na joto lake hupimwa kwa mkono wa kipimajoto cha mionzi. Mavuno yamerudi mahali pake.

Baada ya utando: PBS mpaka mililita 50, g 300 kwa dakika 10, tena g 200 kwa dakika 10. Mara ya pili ni pole makusudi, ili chembe sahani zibaki juu na kumwagwa. Kuhesabu ni kwa samawati ya trypan 0.4%, kiasi sawa kwa sawa, seli zilizokufa zikinywa rangi. Seli hai 212 kwenye miraba minne ya pembeni ni wastani wa 53. Zidisha kwa 2 ya uchanganyaji na 10,000 ya kina cha kioo, ni milioni 1.06 kwa mililita. Kwa kawaida mililita moja ya damu hutoa seli milioni 1 hadi 2. Ukipata 5, umehesabu chembe nyekundu.

Wiki ya 7

Gesi ya CO₂, inayoshikilia uchachu wa chakula cha seli ndani ya inkubeta, iliisha usiku. Chakula cha seli kilikutwa zambarau badala ya rangi ya chungwa. Sahani zote za siku hiyo zimetupwa. Mtungi wa pili umeunganishwa kwa vali inayojibadilisha, na geji inasomwa jioni, si asubuhi.

Wiki ya 8. Tyubu tupu inayojibu

Jaribio la kwanza kamili. Seli milioni 1 kwa kisima, bakteria 10 kwa kila seli, saa 6 kwa nyuzi 37. Tunaongeza kingamwili ya CD28 mikrogramu 1 kwa mililita kusaidia ishara, na kingamwili inayoziba CD40, kwa sababu alama tunayoitafuta ni CD154, ambayo huchomoza juu ya seli T ya CD4 iliyotambua kitu na hurudi ndani mara tu ikishikana na CD40 ya jirani. Brefeldini A, inayozuia saitokini zisitoke nje ya seli, huongezwa baada ya saa 2. Ikiongezwa mwanzoni, seli zinazopaswa kumega bakteria na kuonyesha vipande vyake nazo hufungwa njia, na jibu linakuwa sifuri kwa kosa la mtu.

Kisima kisicho na kitu kilijibu karibu sawa na chenye bakteria.

Aliyelaumiwa kwanza alikuwa mashine, akafuata seramu. Ukweli ulikuwa kwenye chupa ya kioo ya PBS. Ilikuwa imepitia otoklevu nyuzi 121, ni safi, haioti kitu. Lakini otoklevu huua bakteria bila kuondoa endotoksini, lile ganda la mafuta na sukari la bakteria wa Gram hasi waliowahi kuishi kwenye maji. Monosaiti huisikia kwa kiasi kidogo mno. Kioo sasa huokwa kikavu kwa nyuzi 250 kwa dakika 30, na chochote kitakachogusa seli hununuliwa kikiwa na maandishi ya kipimo cha endotoksini. Plastiki ya kutumia mara moja ni nafuu kuliko wiki mbili za kutafuta mchawi.

Wiki ya 9 na 10. Nani alimwona mwizi?

Kisima kitupu kimetulia. Sasa epidermidis, E. coli na faecalis vyote vinaleta ishara. Hapa ndipo mtu mwenye haraka angeandika ripoti. Tumeweka vizuizi vitatu kwanza.

Cha kwanza ni kingamwili inayoziba HLA-DR, DP na DQ, mikrogramu 20 kwa mililita, nusu saa kabla ya bakteria, na pembeni yake kisima chenye kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu. CD154 ya seli za CD4 ikishuka karibu na kisima kitupu, basi kipokezi kilihusika. Ikibaki juu, ni kelele za jirani. Kizuizi hiki hakisemi lolote kuhusu CD8, zinazotumia HLA ya daraja la kwanza, kwa hiyo za CD8 hatuzitolei hukumu bado.

Cha pili ni kwa ajili ya seli za MAIT. Hizi ni seli T zenye kipokezi karibu cha aina moja kwa watu wote. Hazitambui protini. Zinatambua mabaki ya utengenezaji wa vitamini B2 yakionyeshwa na molekuli ya MR1. Epidermidis na E. coli hutengeneza B2. E. faecalis haitengenezi. Seli inayoitikia wale wawili na kumnyamazia faecalis hutiliwa shaka ya MAIT, na ndiyo maana faecalis aliteuliwa tangu wiki ya 4. Tunazitambua kwa alama zilizo juu yake, Vα7.2 na CD161, na kuzitoa kwenye hesabu. Muda nao una maana: baada ya saa ishirini hivi MAIT huamka hata bila MR1, kwa saitokini za IL-12 na IL-18 pekee. Hivyo saa 6 hazirefushwi, hata kama ishara ni ndogo.

Cha tatu ni dondoo la Candida albicans. Karibu kila mtu mzima ana seli T za kumbukumbu dhidi ya kuvu huyu, na nyingi hutoa IL-17. Mtu ambaye damu yake haimjibu Candida, tatizo kwanza ni la seli zilizochoka, wala si upungufu wa kinga yake. Kwa kisima cha kuhakikisha mashine inaona, tunatumia SEB, mojawapo ya zile sumu za aureus zinazoamsha seli T kwa mpigo, mikrogramu 1.

Wiki ya 11. Hesabu ya uchache

Seli zinazotambua bakteria mmoja ni adimu. Tukipanga kwa 100 katika kila milioni ya CD4, kisima cha seli milioni 1 za damu, ambamo CD4 ni kama laki 4, kitatupa 40 tu. Kosa la kubahatisha la 40 ni kipeuo chake cha pili, kama 6, yaani asilimia 16. Tukitaka asilimia 10, tunahitaji 100, maana yake seli milioni 2.5 kwa kisima. Visima ni tisa. Ni milioni 22 na ushee, na kugandisha hupoteza sehemu. Ndiyo sababu ya mililita 40. Rasimu ya kwanza ya mradi iliomba 10. Kwa 10 tungechora grafu nzuri ya bahati nasibu.

Kugandisha: seli milioni 10 kwa kichupa, seramu 90% na DMSO, kimiminiko kinachokinga seli zisipasuliwe na barafu, 10%. Mchanganyiko uwe kwenye barafu kabla, maana DMSO kwenye chumba chenye joto ni sumu kwa seli, na kutoka tone la kwanza mpaka friza zisizidi dakika 10. Kisanduku cha isopropanoli huzishusha karibu nyuzi 1 kwa dakika mpaka 80 chini ya sifuri, kisha ndani ya siku 3 ziende kwenye nitrojeni. Stima ikipotea, friza isifunguliwe "kuangalia". Kipimajoto chenye kumbukumbu kipo kwa kazi hiyo.

Wiki ya 12. Anwani

Ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na seli T bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizo katika damu yote. Tunachochota mkononi ni wasafiri. Wenyeji wako ngozini, nasi hatukati vipande vya ngozi kwenye awamu hii. Lakini msafiri hubeba anwani. Seli T iliyofunzwa kwenye tezi za limfu za utumbo hupata alama ya integrini α4β7, kwa sababu seli za dendritiki za kule hugeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Iliyofunzwa kwenye tezi za limfu zinazohudumia ngozi hubeba alama iitwayo CLA. Kwa hiyo rangi mbili za mwisho kwenye paneli, yaani orodha ya rangi tunazotia seli, ni za CLA na β7, sehemu ya α4β7. Swali linakuwa kali zaidi. Wanaomtambua epidermidis wana CLA, na wanaomtambua E. coli wana β7? Wakichanganyika, inawezekana tunaona seli zinazofanana kwa protini inayoshirikiwa na bakteria wengi, wala si mwenyeji wa mahali fulani.

CLA ilitoka hafifu kwenye majaribio ya kwanza ya rangi. Alama hii ni sukari juu ya protini, na ilikuwa imewekewa rangi dhaifu kwenye mkondo unaovujiwa na CD4. Imehamishiwa rangi angavu, na CD4, ambayo ni nyingi, imepewa ile dhaifu.

Vichupa 24 vimekwenda Kilifi kwa chombo kikavu cha nitrojeni. Viwili vya majaribio viliyeyushwa huko kwa nyuzi 37 mpaka kikabaki kipande cha barafu kama mbegu ya papai, vikaoshwa kwa chakula chenye DNesi, kimeng'enya kinachokata DNA, ili visigande utelezi wa DNA ya seli zilizokufa, vikapumzishwa usiku. Kikomo chetu ni seli hai 70%. Kimoja kimevuka, kimoja hakikuvuka. Ambacho hakikuvuka ni cha wiki ya 5, ya Ficoll ya moto, hivyo vyote vya wiki hiyo vimetolewa kwenye orodha.

Kundi jipya la epidermidis limeuawa Alhamisi. Sahani ya kuthibitisha iko kwenye inkubeta, itasomwa Jumamosi saa 4 asubuhi.